Kozi ya LPN huku Marekani wanafundisha nini hasa? Nataka kutoka CNA

MamaZuu_MN

Habarini wadau, naomba ushauri kwa mliopita hii njia. Niko Minnesota mwaka wa nne sasa, kazi yangu ni CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku saa tano mpaka saa moja asubuhi. Mgongo umeanza kudai haki yake, na kila nikimwangalia nesi wetu anavyosukuma kile kigari cha dawa najisemea hata mimi naweza. Nimeambiwa LPN, yaani nesi wa ngazi ya chini mwenye leseni, ni kama mwaka mmoja tu, ila kila ninayemuuliza mnasoma nini hasa ananijibu "aah ni kukesha tu dada, utazoea", sasa hilo ni jibu kweli?

Naomba kujua masomo yenyewe ni yapi na yepi yanaangusha watu. Form Four nilipata D ya baiolojia na kemia nilipigwa F, hesabu sitaki hata kuizungumzia. Na kama inawezekana kusoma huku nafanya kazi full taimu maana nina watoto wawili na mzee anaendesha lori, wiki nzima hayupo. Naombeni ukweli, msinipambe.

NesiWaLowell

Dadangu karibu. Mimi ni LPN mwaka wa sita sasa hapa Massachusetts, na nilianza CNA kama wewe kwa hivyo hiyo njia naijua mpaka mashimo yake.

Kwanza hiyo "mwaka mmoja tu" isikudanganye. Ni mwaka mmoja lakini umefinyiliwa, vitu vya miaka miwili vimeshindiliwa kama abiria wa matatu ya jioni. Kabla hujaingia shule nyingi zitataka ufanye mtihani unaitwa TEAS, una maswali 170, kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza, na hapo ndio watu wengi wanashangaa kwa sababu kuna sayansi ya mwili kabla hata hujafundishwa. Nunua kitabu chake, soma miezi miwili, usiende kubahatisha.

Ukishaingia, wanaanza na anatomia na fiziolojia, yaani mwili umejengwa vipi na unafanya kazi vipi. Shule zingine wanataka uje umeshaisoma, zingine iko ndani ya kozi. F ya kemia achana nayo, haitakuua. Kemia utakayoiona ni ile ya damu, sodiamu 135 mpaka 145, potasiamu 3.5 mpaka 5.0, na kwa nini potasiamu ikipanda moyo unaanza kupiga ngoma isiyoeleweka. Hizo namba utazikariri mpaka utaziota.

Sambamba na hiyo kuna msingi wa uuguzi. Hapa wewe CNA utaona kama ni marudio, kugeuza mgonjwa, kuosha, kupima presha, na hapa ndipo CNA wengi tunadharau tunaanguka. Maana huulizwi unafanya vipi tena, unaulizwa kwa nini, na ungeanza na gani. Nakumbuka siku ya kutahiniwa kuweka mpira wa mkojo kwa lile doli. Nimevaa glavu vizuri, nimefungua pakiti ya vifaa vizuri, kila kitu safi, mwalimu amesimama pembeni na kalamu. Nikageuka kidogo tu kuvuta taa. Akaniambia asante, utarudi Alhamisi. Kwa nini? Nimeupa mgongo uwanja wangu wa vitu visivyo na vijidudu, na ukishaupa mgongo hesabu umechafuka, hata kama hakuna nzi aliyepita. Nilikasirika siku mbili. Leo ni kitu sifikirii hata, mwili wenyewe unakataa kugeuka.

Baada ya hapo inakuja farmakolojia, dawa, na ile kubwa ya magonjwa ya watu wazima wanaiita medi-saji. Medi-saji ndio uti wa mgongo wa kozi nzima, moyo, mapafu, figo, kisukari, kiharusi, kabla na baada ya oparesheni. Uzazi na watoto huwa ni vipindi vifupi, afya ya akili pia. Na wakati wote huo kuna klinikali, unaenda hospitali au nyumba ya wazee na mwalimu wako, unapewa mgonjwa mmoja halafu wawili, na kila dawa unayotaka kumpa mwalimu anakusimamisha hapo koridoni: hii ni ya nini, inamdhuru vipi, unaangalia nini kabla hujampa. Ukiwa na digoksini, dawa ya moyo, mkononi na hujasikiliza moyo dakika nzima, rudi. Mapigo ya mgonjwa yakiwa chini ya 60, unaishikilia hiyo dawa na unaita. Huko ndiko unajifunza kazi, si kwa slaidi.

Jambo la mwisho, alama. Huku shule nyingi za uuguzi ukipata chini ya 75 umefeli, zingine wanaweka 77 au 78. Na haizungushwi, 74.6 ni 74.6.

Baba_Kelvin_OH

Hapo kwa alama nimecheka kwa uchungu. Form Four kwetu 75 ni A, unachinjiwa jogoo. Huku 75 ndio mtu anaponea tundu la sindano.

MamaZuu mimi ntakuambia kilichoniangusha mara ya kwanza maana watu hawapendi kusema. Sio Kiingereza, sio magonjwa. Ni testi ya hesabu za dawa. Shule yangu ilikuwa inataka 90 kwenda mbele na unapewa nafasi tatu, ukimaliza zote unatoka unasubiri muhula mwingine. Mara ya kwanza nikapata 85, nikasema bahati mbaya. Ya pili swali lilikuwa la heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari kaagiza yuniti 5,000, kichupa kina yuniti 10,000 kwenye kila mililita, unatoa kiasi gani. Hesabu ya mtoto wa darasa la sita, nusu mililita. Nikaandika .5 nikaendelea. Nikakatwa swali zima! Nikaenda kwa mwalimu nimefura, namwambia jibu si ndio hili. Akachukua kalamu akaandika .5 kwenye karatasi ya kufutia mikono, akaiminya kidogo, akanionyesha. Nukta haionekani. Akaniuliza sasa hapa umempa mgonjwa ngapi. Nikasoma 5. Mililita tano za heparini, yaani yuniti 50,000. Nikanyamaza nikatoka.

Tangu siku hiyo naandika 0.5, sifuri mbele siku zote, na ikiwa ni tano kamili naandika 5 tu, siweki 5.0 maana hiyo nayo nukta ikipotea inakuwa 50. Sheria ndogo kama hiyo ndio kozi yenyewe hiyo mama. Nilishindwa na ya tatu kwa woga tu, nikarudi baada ya miezi minne nikapita.

Hesabu zenyewe ni kujumlisha, kuzidisha, kugawa, kubadilisha gramu kwenda miligramu, paundi kwenda kilo. Hakuna aljebra ya kutisha. Nifanyie hii nikuone: dripu ya mililita 1,000 iingie kwa masaa 8, mpira wake unatoa matone 15 kwa mililita moja. Matone mangapi kwa dakika?

mchokozi_wa_Dallas

Kwani mbona mnampoteza mwenzenu na LPN, si aende RN, nesi wa ngazi ya juu, moja kwa moja. Hospitali nyingi kubwa siku hizi hata hawaajiri LPN wodini. Mwaka wa jasho halafu unabaki kwa wazee wale wale ila sasa na kigari cha dawa.

NesiWaLowell

@mchokozi hoja yako iko sawa nusu. Mtu wa miaka 21 anayelala kwa mama yake namwambia RN bila kupepesa macho. Sasa huyu ana watoto wawili na bwana yuko barabarani. LPN mwaka mmoja akimaliza mshahara unapanda, halafu kuna daraja la LPN kwenda RN, shule zingine zinakuhesabia yale uliyosoma. Mimi mwenyewe niko kwa hiyo daraja sai. Na si kweli eti kazi ni ile ile, jaribu kuwa na wagonjwa 28 na dawa za saa mbili asubuhi zote zimekufikia kwa mkupuo mmoja halafu uniambie ni ile ile.

Ila MamaZuu, hapo mchokozi amegusa kitu kitakuja kwa mtihani. Ujue mpaka wako. LPN hafanyi tathmini ya kwanza ya mgonjwa mpya, hiyo ni ya RN. Mafundisho ya kwanza kwa mgonjwa pia RN anaanzisha, wewe unakazia. Swali likikupa wagonjwa wanne na kukuuliza LPN apewe yupi, tafuta yule ametulia, hali yake inatabirika. Mambo ya dripu na damu kila jimbo lina sheria zake, kwa hiyo usikariri za kwangu.

Dada_Sacramento

Jamani huku California sisi hata jina ni lingine, tunaitwa LVN, na Texas pia. Kazi ile ile na mtihani ule ule wa taifa. Jimbo letu linataka masaa 1,530, kati ya hayo 576 ya darasani na 954 ya klinikali, kwa hiyo aliyekuambia ni kozi ya kukaa darasani alikuwa anakutania.

Ninachotaka kuongezea ni kitu kitakuumiza wewe kama mtoto wa kwetu, na hakuna aliyenitahadharisha. Kuna somo la mawasiliano na mgonjwa, liko ndani ya msingi na linarudi tena kwenye afya ya akili. Swali linakuja: mgonjwa analia anasema naogopa oparesheni ya kesho, nesi aseme nini. Mimi mtoto wa Tanga jibu ninalo mdomoni tangu nazaliwa, pole mama, usiwe na wasiwasi, Mungu yupo utapona. Nachagua lile linalofanana na hilo. KOSA. Nikakosa maswali ya aina hiyo muhula mzima, nikadhani labda Kiingereza changu kibovu.

Kumbe kwao huko ni kumpa mtu matumaini usiyo na uhakika nayo, na pia umemfunga mdomo. Jibu wanalotaka ni lile linalomfungua aendelee kusema, niambie nini hasa kinakuogopesha. Ukimuuliza "kwa nini unaogopa" nalo kosa, eti linamfanya ajitetee. Ukimpa ushauri, "ningekuwa wewe", kosa. Ukikimbilia kumuita kasisi, kosa. Pole yetu haina nafasi kwenye karatasi yao hata moja. Nilivyoelewa hilo alama zikapanda kama mkate. Kazini hata hivyo pole nazitoa, nimebaki nazo, bibi mmoja wa wodi yangu ameshaijifunza ananiambia yeye kila asubuhi akiona nimechoka.

Na kingine, usijibu kwa uzoefu wa kazini kwako. Kwenye nyumba ya wazee mko CNA wawili kwa watu thelathini, mnajua njia za mkato. Kwenye mtihani uko hospitali ya peponi, wahudumu wamejaa, vifaa vyote vipo, muda upo. Jibu ukiwa huko.

MamaZuu_MN

Asanteni sana, nimesoma nikiwa breki saa tisa usiku na nusu chai imepoa. Hiyo ya pole imenichoma maana jana tu nimemwambia mzee wangu mmoja hivyo hivyo.

Sasa mawili. Kuna shule nimeona tangazo Facebook, wanasema hakuna TEAS, hakuna klinikali ya kusumbua, yote onlaini miezi sita unapata cheti. Bei yake ya kushtua lakini wanapokea kwa awamu. Na la pili rafiki yangu aliyeomba mahali aliambiwa ana TB baada ya kile kichomo cha mkononi, wakati hakohoi hata kidogo, akakata tamaa.

Baba_Kelvin_OH

KIMBIA. Kimbia hiyo shule mama, wala usiwajibu wakikutafuta kwa meseji. Hakuna leseni ya uuguzi ya onlaini tupu, darasa linaweza kuwa onlaini lakini klinikali unaenda kwa miguu yako. Januari 2023 serikali kuu ilitangaza kesi ya Florida, diploma bandia zaidi ya 7,600 za uuguzi ziliuzwa, za RN na za LPN. Na wengine walipasi hata mtihani wa taifa na wakaanza kazi, halafu majimbo yakaanza kufuta leseni zao. Hela imeenda, leseni imeenda, na jina limechafuka.

Ingia tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako, kuna orodha ya shule zilizoidhinishwa na wengi wanaweka na asilimia ya wanafunzi waliopasi mtihani mara ya kwanza. Shule ikiwa haimo, basi. Anza na komyuniti koleji iliyo karibu na wewe, foleni ndefu lakini bei ya kibinadamu. Na uliza mwajiri wako, baadhi ya nyumba za wazee zinalipia CNA wao wasome kisha unawatumikia muda fulani.

Dada_Sacramento

Hilo la TB mwambie rafiki yako asikate tamaa. Sisi tulichanjwa BCG utotoni, kile kikovu cha mkononi tunacho wote, na ile chanjo inaweza kufanya kichomo cha ngozi kivimbe bila ugonjwa wowote. Aombe kipimo cha damu badala yake, kile hakidanganywi na BCG. Kikitoka hasi anaendelea na maisha. Kikitoka chanya watampiga eksirei ya kifua na kumwelekeza, bado sio mwisho wa shule.

Na wewe anza mapema mambo ya makaratasi. Chanjo ya homa ya ini B ni ya miezi kadhaa, surua na tetekuwanga lazima uwe na ushahidi, alama za vidole, kipimo cha dawa za kulevya, kadi ya kufufua moyo. Cheti chako cha Form Four kitatakiwa kupelekwa kwa kampuni za kutathmini vyeti vya nje na hapo ndipo wiki zinaliwa. Mimi nilikosa muhula mzima kwa sababu ya sindano moja.

mgeni_wa_Kigoma

Samahani naingilia, mimi nilisoma uuguzi ngazi ya cheti Tanzania na nimefanya kazi miaka mitatu, nimekuja juzi na familia. Je lazima nianze upya?

NesiWaLowell

@mgeni hiyo ni stori tofauti kabisa, vyeti vyako vinapitiwa somo kwa somo na masaa kwa masaa halafu bodi ya jimbo inasema umepungukiwa nini. Fungua uzi wako hapa, kuna watu wamepitia, watakujibu vizuri kuliko hivi vya kupita. Na usitupe hata karatasi moja ya chuo chako, hata risiti.

MamaZuu, swali la kazi hakuna aliyekujibu. Full taimu ya usiku na hii kozi, sitakudanganya, sijaona aliyeweza bila kuvunjika mahali. Fikiria hivi, klinikali nyingi zinaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wewe unatoka saa moja. Hata kabla ya uchovu, saa zenyewe zinagongana. Na ukichelewa klinikali mara chache tu wanakutoa, si kama klasi. Mimi nilibaki na shifti mbili za wikendi, Jumamosi na Jumapili masaa kumi na mbili kila moja, mke akabeba nyumba, tukala ugali na sukuma mwaka mzima na gari likakaa na taa ya injini imewaka. Ongea na meneja wako sasa hivi kabla hujaomba shule, sio baada.

Ukimaliza ni mtihani wa taifa, NCLEX-PN, dola 200, kompyuta inakupa maswali kati ya 85 na 150 kwa masaa matano na inazima yenyewe ikishajua kama umepita au umeanguka. Yangu ilizima kwa 85, nikakaa kwa gari nikilia nikijua nimeanguka. Nilikuwa nimepita. Ukianguka unasubiri siku 45 unarudi.

MamaZuu_MN

Meneja nimemwandikia leo asubuhi kabla sijalala, kanijibu wikendi ipo ila mpaka Septemba. Nitachukua. Sindano ya kwanza ya homa ya ini naenda Ijumaa.

Baba Kelvin ile dripu yako nimekaa nayo na kalamu ya mtoto. Mililita 1,000 mara matone 15 ni 15,000. Masaa 8 ni dakika 480. Nimegawa mara tatu maana sikuamini, napata 31.25. Ni sawa?

Baba_Kelvin_OH

Hesabu sawa kabisa. Ila hilo robo tone utalidondosha vipi mama? Andika 31.